Ulimi wa Bi Mizani

Katika karakana ile ya sabuni kiti kilikuwa kimoja tu. Wakorogaji walikoroga wamesimama, wakataji walikata wamesimama, wafungaji walichuchumaa sakafuni kati ya maboksi, na Tajiri mwenyewe, mwenye mali, alipiga simu zake ameegemea fremu ya mlango kama mtu aliyekuja kuulizia kazi. Kiti kilikuwa cha Bi Mizani. Aliyethubutu kukikalia, hata kwa kusahau, aliambiwa, "Ondoa makalio yako hapo, hicho si kituo cha basi."

Kilikaa kati ya chumba cha kukorogea na chumba chenye rafu za kulazia sabuni, ili usipite mche hata mmoja bila mama huyu kuuona. Na haukupita, kwa miaka ishirini na moja.

Ajabu ya sabuni ni kwamba inatokana na vitu viwili ambavyo hakuna hata kimoja ambacho ungependa kukipaka usoni. Kimoja ni mafuta ya kupikia. Cha pili ni kostiki, vipande vyeupe kama chumvi ya mawe, ambavyo ukivitia kwenye maji baridi, maji yanatoa mvuke bila jiko wala moto. Kostiki ni besi, na besi ni upande wa pili wa asidi, ila kwa kuunguza hazipishani sana. Asidi inachoma na unajua umechomwa. Kostiki ikikudondokea mkononi, mwanzo unahisi utelezi tu, utelezi mzuri kabisa, kwa sababu inayageuza mafuta ya ngozi yako mwenyewe kuwa sabuni. Ukishaanza kusikia maumivu, ujue umeshapikwa.

Lakini mafuta na kostiki vikikutana kwa kipimo sawa, vinalana mpaka vinamalizana, na kinachobaki ni kitu cha tatu, kipole, cha kumwogeshea mtoto mchanga. Shida ni kipimo kikikosewa, au sabuni ikitolewa rafuni kabla ya wiki zake nne. Hapo makali yaliyobaki hukaa kimya ndani ya mche yakingoja ngozi ya mtu.

Kazi ya Bi Mizani ilikuwa kuyagundua makali hayo. Alikata ukingo wa mche kwa kisu kidogo, akagusisha ncha ya ulimi. Kama kostiki ilibaki, ulimi ulipigwa shoti kama wa mtu aliyelamba betri ya redio. "Inauma," alisema, na trei nzima ikarudi rafuni. Kama hakuna kitu, alisema, "Imelala," na boksi likafungwa. Hakuna aliyembishia. Jina la Bi Mizani alipewa na Tajiri, na lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Sasa siri yenyewe tuiseme mapema. Ulimi wa Bi Mizani ulikuwa umekufa.

Ulikufa miaka miwili nyuma, asubuhi moja, nyumbani kwa mwanawe. Alikunywa chai iliyotoka kuchemka na ngozi ya ulimi ikabanduka, naye hakusikia chochote ila uzito. Akaongeza sukari, vijiko vitano. Hakuna kitu. Alipofika kazini alilamba mche uliokatwa jana yake, mbichi kabisa, ule ambao ungemrusha mtu mzima kutoka kwenye kiti. Hakuna kitu. Ilikuwa kama kulamba dirisha.

Alikaa pale na mche mkononi akimfikiria mkataji mmoja wa zamani aliyepoteza vidole viwili kwenye waya wa kukatia. Tajiri alimpa pole, akamshika vidole vilivyobaki, na kabla ya saa ya kutoka mtu mwingine alikuwa amesimama kwenye waya. Na mkataji yule alikuwa kijana. Bi Mizani alikuwa mjane wa miaka hamsini na tisa anayelala chumba cha nyuma. Nyumbani aliwekewa chakula yeye kwanza kwa sababu ya kiti hiki. Mtaani alisalimiwa kwa kuinamiwa kwa sababu ya kiti hiki. Kikiondoka, atabaki kikongwe wa chumba cha nyuma, wa kuulizwa kama ameshalala ili watu waendelee na mazungumzo yao. Hilo hakulitaka. Hilo alikuwa tayari kumfanyia mtu yeyote jambo lolote ili lisitokee.

Akapata njia siku hiyo hiyo.

Karakana ilikuwa na desturi yake. Mfanyakazi mpya, siku ya kwanza, analambishwa sabuni mbichi huku wenzake wakimzunguka na kucheka. Bi Mizani aliigeuza desturi ya siku moja kuwa ya kila siku na kuiita mafunzo. "Nazeeka," alimwambia Tajiri. "Acha nifundishe ndimi nyingine." Tajiri akaona mama ana busara. Tangu hapo kila trei ilipofika, mgeni alilamba kwanza, Bi Mizani akamtazama usoni, ndipo na yeye akalamba, akafyonza meno, akatoa hukumu.

Alijifunza kusoma nyuso kama mwanafunzi anayesoma usiku wa kuamkia mtihani. Sabuni iliyolala huacha uso mahali pake, labda kinyaa kidogo kwenye mdomo. Iliyobakiwa na makali kidogo hukunja pua. Ya wiki moja hukunja pua na kufumba jicho. Mbichi kabisa hukunja pua, hufumba jicho na kurusha bega, kwa mpangilio huo huo, kwa kila mtu. Wageni walikuwa wazuri kwa sababu walikuwa hawajajua kujizuia. Tatizo ni kwamba hawakudumu. Midomo ilichanika, chakula kikawashinda, wakaondoka. Mwaka mmoja waliondoka wanne, na mtaani ikasemwa kwamba kwa Bi Mizani unaingia na ulimi unatoka na kidonda. Watu wakaacha kuja kuomba kazi.

Hapo ndipo alipomkumbuka mkamwana wake.

Mke wa mwanawe alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mpole, mwenye uso kama dirisha lisilo na pazia. Akifurahi unaona, akiudhika unaona, akidanganya kwamba ameshiba unaona. Bi Mizani alimdharau kwa uso huo tangu siku ya harusi. Sasa aliutazama kwa jicho lingine.

"Kesho utakuja na mimi kazini," alimwambia. "Nitakurithisha kiti."

Mwanawe, aliyekuwa dereva wa lori la maji, alifurahi kweli. "Umeona mama anavyokupenda?" alimwambia mkewe.

Asubuhi ile wafungaji waliacha maboksi yao mapema. Mkorogaji mkuu, jamaa mrefu mwembamba waliyemwita Mwiko, alikuja na mti wake wa kukorogea begani.

"Toa ulimi," Bi Mizani alisema.

"Nilambe sabuni, mama?"

"Hapana, lamba ukuta. Toa ulimi, watu wana kazi."

Mkamwana alitoa ulimi, akaugusisha. Pua, jicho, bega. Bega liliruka mpaka likagonga rafu. Mwiko alicheka akashika ukuta. "Jikaze kisabuni, shemeji!" alipiga kelele, na wafungaji wakapiga maboksi kama ngoma.

"Inauma mama, inauma!"

"Nani kakuuliza? Hiyo ni kazi yangu kusema." Bi Mizani alichukua chupa ya siki iliyoning'inia ukutani kwa kamba. Karakana nzima iliamini kwamba siki ndiyo dawa ya kostiki: asidi inaua besi, basi, hesabu imekwisha. "Sukutua."

Siki ilimkuta pale palipobabuka. Binti alipiga magoti, machozi yakamtiririka mpaka shingoni, na watu wakacheka upya. Bi Mizani hakucheka. Alikuwa kazini. Pua, jicho, bega, alijirudia kimoyomoyo, na jicho ni la kushoto. Kisha akalamba mche ule ule, akafyonza meno, akatulia kidogo ili ipendeze.

"Inauma," alitangaza.

Miezi minne ilikwenda hivyo. Trei kumi kwa siku, nyingine kumi na tano. Kingo za ulimi wa mkamwana zikawa nyeupe, akawa anakula uji uliopoa kwa upande mmoja wa mdomo. Alipomlalamikia mumewe, mume alisema, "Vumilia, mama anakurithisha kazi." Mama alipomlalamikia kwamba mke wake analegea, alisema, "Nitazungumza naye, mama." Akapokea ya huku, akapokea ya kule, na yeye mwenyewe hakubadilika rangi.

Usiku mmoja wa maharage walikuwa watatu mezani kama kawaida. Bi Mizani alipeleka kijiko mdomoni. Hakusikia ladha, lakini tangu zamani hakuwahi kula chakula cha mkamwana bila kukitia kasoro, na sasa hakuona sababu ya kuacha.

"Maharage haya umeyapikia na maji ya bahari? Chumvi imezidi."

Kijiko cha mwanawe kilisimama hewani. Alimtazama mkewe. Mkewe alitazama sahani.

"Samahani, mama," mkamwana alisema taratibu. "Nitapunguza."

"Utapunguza lini? Tangu uolewe unapunguza."

Mwana akameza maharage yake pamoja na maneno yake, kazi ambayo aliijua vizuri kuliko udereva.

Baada ya usiku ule mkamwana alibadilika, na Bi Mizani alipendezwa na mabadiliko hayo. Manung'uniko yaliisha. Binti aliamka wa kwanza, akambebea mavyaa wake mkoba, akamfulia aproni bila kuambiwa. Jambo moja tu lilimuudhi: mkamwana alianza kukaa bafuni muda mrefu, mlango ameufunga kwa ndani.

"Wewe, unaoga au unajenga?" Bi Mizani alimgongea.

"Namaliza, mama."

Kazini mambo yalikwenda barabara. Pua, jicho, bega. Pua na jicho. Pua tu. Dirisha lilikuwa wazi, na Bi Mizani alikuwa hajakosea hata mara moja.

Kisha akaja mkemia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye sikio moja, ametumwa na hospitali iliyotaka sabuni kwa wodi za wazazi. Tajiri alivaa shati jeupe siku hiyo, akamtembeza rafu hadi rafu, akizisifu sabuni kana kwamba amezizaa. Mkemia alitoa mfukoni kiboksi chenye vikaratasi vya rangi ya manjano.

"Hizo za nini?" Tajiri aliuliza.

"Za kupimia. Nalowesha, nagusisha, rangi inaniambia. Ni ngazi ya namba kumi na nne. Katikati, saba, ni maji safi. Ukishuka ni asidi, ukipanda ni besi, na kila kidato kimoja ni mara kumi ya kilichotangulia. Sabuni nzuri inacheza kwenye tisa, kumi. Ikifika kumi na tatu, simpi mama aliyetoka kujifungua, hata adui yangu simpi."

Tajiri alicheka na kumwonyesha Bi Mizani kwenye kiti chake. "Sisi karatasi yetu ni huyu. Miaka ishirini na moja hajakosea."

"Ulimi hauandiki namba, bosi."

"Hauandiki, lakini unasema."

"Haya, na useme," mkemia alisema, akavua miwani akaifuta. "Nipeni miche miwili iliyokatwa sawa. Mmoja uliokomaa, mmoja wa jana. Achague mtu mmoja, na asimwambie yeyote."

Mwiko alitumwa. Alirudi na miche miwili isiyo na tofauti hata ya unywele, akaiweka juu ya meza ya kufungia, mmoja kulia na mmoja kushoto, akarudi nyuma na kufunga mdomo. Karakana nzima ilijikusanya. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Bi Mizani hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na dirisha lake. "Kwetu mwanafunzi anatangulia," alimwambia mkemia. "Huyu ni mkamwana wangu. Nimemlea mwenyewe. Sogea, mwanangu."

Mkamwana alisogea. Alilamba mche wa kulia: pua, jicho la kushoto, bega. Alingoja, akapangusa mdomo kwa kiganja. Alilamba wa kushoto kama mtu anayelamba stempu. Uso ulibaki mahali pake. Alimeza mate, akarudi kwenye mstari.

Rahisi kama kusoma kibao cha duka. Bi Mizani aligusa wa kulia kwa ulimi, akafyonza meno. "Huu unauma." Akagusa wa kushoto, akatulia ili ipendeze. "Na huu umelala. Umelala fofofo."

Mwiko alikohoa.

"Una uhakika, mama?" mkemia aliuliza.

Lilikuwa swali la kawaida tu, lakini miaka ishirini na moja hakuna aliyewahi kumuuliza Bi Mizani swali hilo mbele ya watu. Damu ilimpanda. "Mimi naulizwa uhakika? Mimi?" Aliunyakua mche wa kushoto, akamega pembe yake kwa meno, akaiweka yote ulimini, akafumba mdomo na kukunja mikono kifuani.

"Bi Mizani, tema," Mwiko alisema.

Aliinua kidole: nyamaza.

"Tema, mama! Huo nimeukata jana jioni kwa mikono yangu!"

Bi Mizani alidhani ni utani, Mwiko hakuwa na lingine. Aliwatazama mmoja mmoja akitabasamu kwa midomo iliyofumbwa, mpaka akafika kwa mkamwana, na mkamwana alikuwa anatabasamu pia. Tabasamu lile ndilo lililomfanya asimame kufikiri. Wakati huo povu lilikuwa limeanza kumtoka kwenye pembe ya mdomo, jeupe, halafu la waridi. Wengine waliliona kabla yake. Yeye hakuhisi kitu.

Mkemia alikuwa ameshalowesha vikaratasi viwili na kuvibandika kwenye miche. Cha kulia kiligeuka kijani cha kuelekea bluu. Cha kushoto kiligeuka zambarau iliyokolea kama wino uliomwagika. Alitazama mara moja tu, akaruka. "Maji! Wapi bomba?"

Mwiko alishafika na chupa ya siki, ameing'oa na kamba yake. Mkemia aliipiga kofi ikaenda kupasukia ukutani. "Unataka kumpikia mdomoni? Asidi na besi kali zikikutana zinatoa joto! Maji, maji mengi, mpaka niseme basi!"

Walimwinamisha Bi Mizani kwenye bomba la kuoshea ndoo, mkemia ameshika kisogo chake kama anayeogesha mbuzi. Maji yalimjaa puani. Vipande vya kitu cheupe vilitoka na maji, na havikuwa sabuni vyote. Robo saa nzima. Mkemia, kama walimu wote ambao hawawezi kukaa kimya, alifundisha huku akimkamua.

"Mate ya mtu yana bafa," aliwaambia waliozunguka. "Ni vitu fulani ndani yake vinavyopokea ukali, uwe wa asidi au wa besi, vinaupoza, mwilini kusijulikane kitu. Damu pia inayo. Damu ikihama nusu kidato tu kwenye ile ngazi, mtu huyo mnamzika. Ndiyo maana mnalamba upuuzi huu na mnarudi nyumbani. Lakini bafa ina kiasi chake. Inapokea, inapokea, rangi haibadiliki, nanyi mnasema hakuna neno. Kumbe inaisha. Siku ikiisha, tone moja linatosha, na mambo yanageuka yote kwa pamoja."

Mkamwana alikuwa amesimama mbele kabisa. Alisikiliza maneno yale kama mtu anayeambiwa jina la kitu alichoishi nacho siku nyingi.

Mkemia alimgeuza Bi Mizani, akamfungua mdomo, akatoa kalamu. "Unasikia hapa? Na hapa? Je, hapa?" Bi Mizani alitazama dari akingoja kuguswa. Wote waliona kalamu ikimgusa mara tatu, tena kwa nguvu, na wote waliona kwamba yeye hajui.

"Huyu hana ulimi wa kupimia kitu," mkemia alisema. "Hili si la leo. Ni kovu juu ya kovu."

Tajiri alisogea. Shati jeupe lilikuwa limerukiwa na maji ya waridi. "Tangu lini?"

Bi Mizani alijaribu kusema. Ilitoka sauti tu.

"Mimi nilijua miezi miwili iliyopita," mkamwana alisema. Hakupaza sauti. "Nilipika maharage bila chumvi hata punje, nimesahau tu. Akasema imezidi. Nikakaa nikajiuliza, sasa kazini anajuaje? Halafu nikamwona anavyonitazama."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Nilikuwa nafanya mazoezi." Alitoa ulimi wake wakauona, kingo nyeupe na doa jekundu katikati. "Nilikuwa nabeba vipande vibichi kwenye mfuko wa aproni yake. Nalamba bafuni mbele ya kioo. Wiki ya kwanza nililia. Ya tatu, pua ikatulia. Bega ndilo lilichelewa." Alimgeukia mavyaa wake. "Siku zote nilikuwa nakupa sawa sawa, mama. Leo tu."

Bi Mizani, aliyeweza kusoma uso wa mtu yeyote, aliutafuta uso ule na hakupata pa kuanzia.

Tajiri alianza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu aliyeibiwa na akaona jinsi mwizi alivyo hodari. "Kumbe ndiyo yale mafunzo! Miaka miwili ulimi wangu ni pua za watoto wa watu! Mimi nasimama mlangoni, mwizi nimempa kiti!" Kicheko kikakatika. "Vua aproni. Na usinipitie kwenye lango lile ukiwa na kitu mkononi." Akamgeukia mkamwana. "Wewe ulimi wako unafanya kazi?"

"Unafanya."

"Basi kaa."

"Ulimi wangu nautaka mwenyewe," mkamwana alisema. "Niletee zile karatasi. Nitapima kwa karatasi au nitakwenda nyumbani."

Mkemia aliweka kiboksi mezani bila kuulizwa. Alisema hospitali itachukua sabuni iliyopimwa na huyu binti, vinginevyo haitachukua. Tajiri aliangalia kiboksi, akaangalia maboksi yake matupu mia tatu yaliyokuwa yakingoja, akakubali. Bi Mizani alivua aproni. Kamba zilimshinda mgongoni, na watu ishirini walimwangalia akihangaika nazo, wote walishawahi kulambishwa au kucheka, na hakuna aliyesogeza mkono.

Alikaa nyumbani wiki tatu, kitambaa mdomoni. Mwanawe aliingia chumba cha nyuma mara moja, akasimama mlangoni, akasema, "Pole, mama," akangoja kama kuna kingine, akaondoka kwenda kwenye lori. Chakula kilikuja baada ya wao kumaliza. Hakikuja na kasoro, kwa kuwa hakuwa na mdomo wa kuitaja. Jioni alisikia wakizungumza chumba cha mbele, kisha sauti ya mkamwana ikiuliza, "Mama ameshalala?" na ya mwanawe ikijibu, "Ameshalala." Alikuwa macho, ameketi kitandani, miguu sakafuni.

Wiki ya nne alijifunga kitambaa kipya na kwenda kusimama kwenye lango la karakana. Tajiri alimwacha kwenye jua mpaka saa nne.

"Unataka nini?"

"Kathi," Bi Mizani alisema. Ulimi ulipona mnene na mfupi, maneno yakawa yanatoka yamevaa makoti. "Kathi yoyote."

"Kathi yoyote!" Mwiko alirudia kutoka ndani, na wafungaji wakavunjika mbavu. Alikuwa ndiye aliyemwambia ateme. Siku hizi alikuwa ndiye anayemuiga.

Tajiri alikuna shingo. "Kuna mapipa. Hakuna anayedumu kwenye mapipa. Lakini wewe ulishazoea kutosikia." Akainua sauti kuelekea ndani. "Msimamizi! Unamtaka huyu kwenye mapipa?"

Msimamizi akatoka akipangusa mikono. Alikuwa mkamwana. Alikuwa na kalamu nywelini, na kile kiti alikuwa amekigeuza meza ya kuwekea chupa ya maji na kiboksi cha karatasi. Alimtazama mavyaa wake tangu kitambaa hadi viatu. Kisha alipiga goti kidogo, kama inavyompasa.

"Shikamoo, mama. Karibu. Mapipa yako nyuma."

Mapipa ya kostiki yalikuwa ishirini na mawili, kila moja na ukoko mweupe chini uliogandamana kama jiwe. Kazi ilikuwa kuingiza kichwa na mabega ndani, kuukwangua kwa bapa la chuma, kumwaga maji, kuukwangua tena. Hewa ya ndani ililiza macho. Bi Mizani alifanya mapipa manane siku hiyo, na siku ya pili kumi. Vidole vilianza kuteleza, ule utelezi mzuri, naye akajua maana yake na hakuacha.

Wiki ile ile alikuja mfanyakazi mpya, mwanamke mnene mcheshi mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Wafungaji waliacha maboksi kama zamani. "Alambe! Alambe!" Mwiko aliimba akigonga ndoo.

"Hapa hakuna anayelamba," mkamwana alisema, na akaendelea kulowesha karatasi yake.

Basi, ikaishia hapo. Hakugomba, hakueleza. Wafungaji walirudi kwenye maboksi wakinung'unika, na baada ya dakika tano walikuwa wanazungumza mambo mengine. Bi Mizani alisikia yote akiwa ameinama kwenye pipa. Kumbe iliwezekana kuacha kwa sentensi moja. Aliona uchungu kuliko siku ya bomba.

Jioni alinyoosha mgongo kwenda kunawa. Mkamwana alikuwa anapita kati ya mapipa na kitabu chake, akiangalia ndani ya kila moja, akitia alama. Alisimama kwenye la mwisho.

"Mama."

"Abee," Bi Mizani aliitika, na papo hapo akajichukia kwa kuitika hivyo.

"Hili limebaki ukoko pembeni. Rudia, tafadhali. Lori la mume wangu linakuja saa kumi na mbili, mimi natangulia nalo. Wewe utatukuta nyumbani."

Bi Mizani alimtazama usoni kwa muda. Pua ilikuwa imetulia. Macho yalikuwa yametulia. Hakukuwa na chochote pale cha kusoma. Akaokota bapa, akaingiza kichwa na mabega ndani ya pipa, akaanza kukwangua.